Japani kwa bajeti ndogo

Dada, kula Tokyo na Kyoto bila kumaliza akiba kunawezekana kabisa. Siri ni supamaketi, jioni karibu na kufunga. Utamwona mfanyakazi anapita na stika akibandika 半額 kwenye vyakula vilivyopikwa. Hayo maandishi yakariri: nusu bei. Mimi nilikuwa namfuata huyo mtu nyumanyuma kama kifaranga, bila aibu. Mchana, bakuli la gyudon, wali na nyama ya ng'ombe, hupatikana chini ya yeni 600. Kama huli nguruwe, ramen (tambi za supu) uliza kwanza. Supu nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe.

Kutazama mji kutoka juu usilipe: jengo la serikali ya Tokyo, Shinjuku, ghorofa ya 45, ni bure. Kyoto nenda hekalu la Fushimi Inari alfajiri. Nako bure, na yale malango mekundu utayapata kabla ya umati.

Pasi ya treni ya siku 7 usinunue kwa mazoea. Oktoba 2023 ilipanda hadi yeni 50,000, wakati Shinkansen (treni ya kasi) ya Tokyo–Kyoto kwenda na kurudi haifiki 30,000.