Vetiva kwanza, miarobaini baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama miarobaini itazuia mmomonyoko kwenye tuta la barabara karibu na daraja la Sabaki. Peke yake, hapana. Maji hupita katikati ya miti yakabeba mchanga. Anzeni na nyasi za vetiva. Mizizi yake hushuka wima, hata mita 3, na haitambai kwenye mashamba ya watu. Mistari ikate mteremko, miche ikaribiane sentimita 10 hadi 15, ipandwe masika yanapoanza. Chimbeni na mfereji juu ya tuta. Kule Madagaska, reli ya Fianarantsoa iliharibiwa vibaya na vimbunga vya mwaka 2000, na miteremko yake ikapandwa vetiva hizi hizi. Na mbuzi, tafadhalini sana, wasiisogelee mwaka wa kwanza.