Elfu 90 za Nairobi au elfu 38 za Lamu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nakaa Langoni hapa Lamu, nyumbani kwa mama. Naweka hesabu za hoteli moja Shela, napokea 38,000 mkononi. Mama nampa 12,000, na mwezi ukiisha nabakiwa na 15,000. Usiku nimejifunza kuandika programu, na sasa kampuni changa ya watu 9 huko Nairobi imeniita: 90,000 kwa mwezi, miezi 3 ya majaribio, na hisa nitakazopewa kidogo kidogo kwa miaka 4. Afisi iko Ngong Road. Rafiki yangu ameniona bedsita ya 18,000 karibu na hapo, na mwenye nyumba ataka jibu kabla ya Ijumaa. Mjomba yuko South C na ameniambia niende kwake, lakini naona haya kumlemea, tena ni matatu mbili, 240 kwenda na kurudi. Niichukue nyumba?
Kijana wa Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi ichukue. Nyumba iache.

Hiyo 90,000 hutaishika yote. Kuna kodi ya mapato, akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: kitakachokufikia ni kama 64,000. Toa 18,000 za bedsita. Maji, tokeni za stima na wai-fai, tuseme 5,500. Chakula 15,000, na hapo ujipikie mwenyewe, kwa sababu Nairobi hakuna wa kukuwekea wali na samaki ukifika usiku ukute sahani imefunikwa kawa. Mama 12,000. Umebaki na 13,500. Lamu wabaki na 15,000! Na sijagusa nauli ya kuja Idi mbili na Maulidi, wala blanketi na sweta, maana baridi ya Nairobi ya Juni mpaka Agosti haizuiliki kwa shuka.

Hata hivyo sikwambii ukae. Shela hakuna atakayeisoma kazi yako ya usiku akuonyeshe ulipokosea, na huko utakaa meza moja na watu wanaofanya hivyo kutwa. Hilo lina thamani kwangu kuliko hizo 1,500 utakazopungukiwa.

Ninachokiogopa ni ile miezi 3. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mkataba wa majaribio ukatwe kwa ilani ya siku 7. Siku saba, mwanangu, na wewe umeshalipa kodi na dipoziti 36,000, umenunua godoro na meko wa gesi. Tena kampuni hizi changa nyingi huishi kwa pesa za wawekezaji, si kwa mauzo yao. Pesa zikikatika, mlango hufungwa, hata kwa zile zilizokuwa na jina: Sendy ilisimama 2023, na Mei 2024 Copia ikatiwa mikononi mwa wasimamizi. Yako ina watu 9. Waulize waziwazi: pesa mlizonazo benki zitalipa mishahara miezi mingapi? Mwenye nia njema atakujibu.

Mimi sikuuliza. Nilikwenda Nairobi kuwa karani, nikakodi chumba Pangani wiki ile ile niliyofika, kwa kuwa nami niliona haya kukaa kwa watu. Wiki ya sita tukafika kazini asubuhi tukakuta kufuli. Nilipokwenda kudai dipoziti yangu, mwenye nyumba aliingia chumbani akazunguka kimya, kisha akaweka kidole kwenye msumari mmoja niliopigilia ukutani kutundika kioo. "Umeniharibia ukuta," akasema. Sikupata hata senti. Nauli ya kurudi nilikopeshwa na jirani, na nilimlipa baada ya mwaka.

Basi nenda kwa mjomba. Mchango wa nyumba 10,000, nauli ya siku 22 ni 5,280, mama 12,000 zake, zako za mfukoni 5,000. Unabaki na 31,000 na ushei kila mwezi. Majaribio yakiisha una zaidi ya 90,000, unalipa kodi na dipoziti bila kukopa, na bado una pesa ya kukaa mwezi mmoja na zaidi mambo yakienda kombo. Haya zako zitatoka ukiwa unachangia. Mchango mpe mkaza mjombao tarehe moja, mkononi mwake, asiwe yeye wa kukukumbusha.

Ukifika wakati wa kutafuta chumba, nenda jioni watu wakiwa nyumbani, utazame milango ya majirani. Ukiona madumu sita ya lita 20 yamepangwa kila mlango, maji ya mfereji hapo ni ya kubahatisha na utayanunua, hata uambiwe nini na anayekuonyesha. Na kabla hujagonga msumari wowote, piga picha kila ukuta.

Kwenye barua yao ya kazi angalia kama 90,000 imejumuisha kodi ya nyumba. Ile Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri akupe nyumba au posho ya nyumba, isipokuwa mkataba uwe umeandika kwamba mshahara umeshaijumuisha. Kama haukuandika, uliza posho yako ni ngapi. Hizo hisa, uliza ukiondoka kabla ya mwaka unapata nini. Mara nyingi huwa hupati kitu, kwa hiyo kwenye bajeti ya chakula na kodi ziandikie sifuri.

Mwenye bedsita mpigie leo umwambie hapana, asikuwekee chumba bure. Kisha mpigie mjomba. Na asubuhi ya kuvuka maji kwenda Mokowe kupanda basi, hakikisha kikapuni mna papa mkavu wa mkaza mjomba, umfunge vizuri asije akawanukia wenzako kwenye basi.