Akidi ya Kompyuta Mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Langoni, Lamu. Nimeunganisha kompyuta mbili kuukuu kwa Proxmox, programu ya kugawa kompyuta moja iwe nyingi, nikagawa humo kompyuta pepe tano, zile zinazoishi ndani ya programu tu. Moja ni ya hesabu za duka la ami yangu. Juzi umeme ulikatika. Kati ya zile kuukuu mbili moja ikazima, na ile yenye betri ikagoma kuwasha chochote. Je, programu ina hitilafu? Na mimi ninayejua lugha ya Python kidogo, naweza kushiriki kuandika programu huria za namna hii?
Fundi wa Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hitilafu hakuna, umekosa akidi, yaani idadi ya kura inayotakiwa. Kila kompyuta katika kundi ina kura moja, na bila kura za walio wengi hakuna kinachowashwa. Sasa, wengi wa wawili ni wawili! Aliyebaki hajui kama mwenzake amezimika au ni waya tu umechomoka. Kompyuta pepe ileile ikiwashwa pande zote mbili, zikaandika kwenye diski moja, hesabu za ami zimekwenda. Tafuta Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, iwe mpiga kura wa tatu, kwa njia wanayoiita QDevice. Nayo iwe na betri, la sivyo utanirudia.

Ama kuandika programu: mgawaji hasa wa kompyuta pepe ni KVM, iliyomo ndani ya mfumo wa Linux tangu 2007. Proxmox na wenzake ni wasimamizi. Proxmox imejaa lugha ya Perl, na siku hizi Rust. Python yako itafaa zaidi OpenStack, msimamizi mwingine mkubwa, iliyoanzishwa 2010 na NASA pamoja na Rackspace. Usiisimike nzima kwenye hizo kuukuu, itazimeza. Chukua kipande kimoja, uendeshe majaribio yake tu.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa sentensi moja ya maelekezo iliyokosewa. Nikaituma kutoka hapa Malindi, ikarudishwa mara tatu: mara nimeacha nafasi mwishoni mwa mstari, mara sikueleza kwa nini nabadilisha. Ya tatu nilihamaki, nikaenda zangu kula viazi karai. Niliporudi nikasoma tena, nikaona mkaguzi ana haki.

Wewe anza na hilohilo la akidi. Andika toleo unalotumia, ulichobonyeza, na ujumbe uliotokea, kisha usome maelekezo ya Proxmox. Palipokupoteza ndipo pa kurekebisha.

Na nakala za hesabu za ami unaziweka wapi? Usiniambie ni diski hiyohiyo.