Eti "pumbavu" si tusi?

SWALI: Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Dodoma. Bosi wetu akikuta kosa hufoka mbele ya wote, "Pumbavu wewe!" Nilipomwambia kuwa ananitukana, alijibu kwamba matusi ni ya nguoni tu, mengine ni ukali wa kazi, na tena "mpumbavu" na "mjinga" yamo kwenye kamusi. Je, kilugha yuko sahihi? – Msomaji, Nkuhungu.

JIBU: Hapana, hayuko sahihi, na hoja yake ya kamusi ndiyo dhaifu kuliko zote. Hata majina ya hayo ya nguoni yamo kamusini. Kamusi huandika maneno yaliyopo, haimpi mtu ruhusa ya kumrushia mwenzake.

Ni kweli matusi yana ngazi, na yale yanayotaja maumbile au mzazi wa mtu yako juu kabisa. Lakini hayako peke yake. Tuanze na "mjinga", ambalo lina upole wake. Mwalimu Nyerere alipoutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, hakumtukana Mtanzania yeyote: mjinga ni asiyejua, akifundishwa anajua. Ndiyo maana wahenga wakasema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mpumbavu hana matumaini hayo. Ukimwita mtu hivyo, unasema hata akifundishwa ni kazi bure.

Sasa sikiliza vizuri anachotamka bosi wako. Hasemi "mpumbavu", anasema "pumbavu". Kilichodondoshwa ni ile m- ya mtu, mgeni, mwalimu. Wakiwa wengi atasema "mapumbavu haya", si "wapumbavu hawa". Amewatoa katika ngeli ya watu akawaweka kwenye ngeli ya jiwe na gogo, na Kiswahili hufanya hivyo makusudi kinapotaka kudhalilisha: mzembe huwa zembe, mshenzi huwa shenzi, mtu huwa jitu. Hapo hahitaji kutaja nguo ya mtu yeyote. Sarufi yenyewe imeshatukana.

Na hilo "shenzi", kwa kuwa tuko Dodoma, nalichukia zaidi. Watu wa mwambao waliojiita waungwana waliwaita watu wa bara washenzi, na misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humu humu Ugogo. Walioitwa hivyo ni mababu wa watu mnaokaa nao meza moja. Neno hilo halifai ofisini kwa kipimo chochote.

Huenda mtu akajitetea kuwa ni utani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ofisi zimechanganya watu wa kila mkoa, na utani ni mwingi. Mgogo na Mhehe wataambiana makubwa na kucheka. Lakini mtani hujibiwa papo hapo, tena kwa makali yale yale. Wewe ukimjibu bosi "pumbavu mwenyewe", kesho utakuwa na kibarua? Kama huwezi kujibu, huo si utani.

Simtaki bosi awe mpole kupita kiasi. Kiswahili kimempa kukemea, kukaripia, kuonya, hata kugomba. Aseme "kazi hii imefanywa kizembe, irudie kabla ya saa nane". Uzembe utabaki kwenye kazi, na ujumbe utakuwa mkali vile vile. Nawe ukimwamkia asubuhi shikamoo naye akaitikia marahaba, amekubali nafasi ya mkubwa, na mkubwa hurekebisha bila kuvunja heshima. Mfuate faraghani, umwambie: "Bosi, kosa nalikubali na nitalirekebisha, ila neno lile mbele ya wenzangu limeniumiza."

Asipobadilika ukaamua kuandika barua kwa ofisa utumishi, usiandike "alinitolea lugha chafu". Msomaji wa barua atadhani ni ya nguoni, bosi atakana, na atakuwa anakana kweli. Andika neno lenyewe ndani ya alama za kunukuu kama lilivyotamkwa, bila kuirudisha ile m-, kisha taja siku, mahali na waliokuwapo.