Barua kwa mwanangu aliye Des Moines

Goma, tarehe 19 Januari 2020

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kupitia simu ya yaya yako. Unasema kwamba jioni ya tarehe 3 Februari wanachama wa Democratic wa mtaa wenu huko Iowa watakusanyika katika ukumbi wa shule kumchagua mgombea wao wa urais, kila mtu asimame kwenye pembe ya mgombea anayemtaka, na kwamba wewe unawapenda watatu kwa mara moja: Elizabeth Warren, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar. Unaniuliza mimi ningesimama pembe gani.

Kuwapenda watatu si ugonjwa, mwanangu. Mwezi wa Juni mwaka jana, niliposikia kwamba chama kimoja kimewaleta wagombea 20 wajibizane huko Miami, wakagawanywa kwa jioni mbili kwa sababu jukwaa moja halikuwatosha, nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na wivu ndani yake. Kamala Harris alijitoa mwezi wa Desemba, Cory Booker Jumatatu iliyopita, na hao waliobaki bado wanakunyima usingizi. Hapa kwetu Kongo, tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kupokea fomu, mtu mmoja ndiye aliyetangaza kwamba mgombea urais wa upande wa serikali ni Emmanuel Ramazani Shadary, ingawa upande huo ulikuwa na waziri mkuu wa zamani, spika wa bunge na wengine ambao wangeweza kuomba nafasi hiyo mbele ya watu. Hatukuwasikia wakishindana hata saa moja.

Neno langu unalijua, na marehemu baba yako alichoka kulisikia mezani: mgombea hapimwi siku anayoomba kura, hupimwa siku aliyoshindwa. Unakumbuka mwezi wa Agosti 2009, Hillary Clinton alipokuja Goma. Mimi na mama zako wakubwa tulisimama kando ya barabara ya Sake, tukiwa na wakimbizi wa Mugunga, na tulichokiona ni magari na vioo vyeusi tu. Nilirudi nyumbani viatu vikiwa vimejaa vumbi la volkano, nawe ukanicheka, ukauliza nimepata nini. Nilipata jambo moja ambalo sikuweza kukueleza siku hiyo. Mama huyo alikuwa amepigiwa kura karibu milioni 18 katika mchujo wa chama chao wa 2008, akashindwa, akakubali kushindwa tarehe 7 Juni, kisha mwezi wa Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Denver, yeye mwenyewe akaomba hesabu ya kura isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti moja. Na mwaka uliofuata alikuwa anatua katika uwanja wetu wa ndege akiwa waziri wa mambo ya nje wa mtu aliyemshinda, akiahidi dola milioni 17 za kupambana na ukatili dhidi ya wanawake wa huku. Hadi leo nikilifikiria hilo nafurahi, na wala sikuuona uso wake.

Sasa linganisha na Jumapili ile ya tarehe 11 Novemba 2018. Viongozi saba wa upinzani walikuwa wamekutana Geneva ili wakubaliane juu ya mgombea mmoja, nasi tulijua sababu: tangu katiba ilipobadilishwa mwezi wa Januari 2011, rais wetu huchaguliwa kwa duru moja, na anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi hata kama hakufika nusu. Kwa hesabu ya namna hiyo, upande wenye watu wengi wazuri hujigawa wenyewe. Nilikuwa nakaanga sambaza, na baba yako mdogo, ambaye unajua ni mtu wa Vital Kamerhe, mmoja wa wale saba, tangu zamani, alikuwa ameketi karibu na redio, amevaa fulana ya chama. Jina la Martin Fayulu liliposomwa kuwa ndiye aliyechaguliwa, alinyamaza, akaivua fulana yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti, akasema, “Basi, tumepata mmoja.” Sijawahi kumheshimu shemeji yangu kama dakika ile.

Jumatatu Kamerhe na Félix Tshisekedi, naye mmoja wa wale saba, waliondoa saini zao, wakisema kwamba wafuasi wao wameukataa uamuzi huo, na tarehe 23 walikuwa Nairobi wakitia saini mapatano yao wawili. Baba yako mdogo alipita kwa pikipiki mbele ya mlango wetu, fulana mwilini, akipiga honi. Mwaka umepita na zaidi, anakuja kula kama kawaida, nasi tunazungumza juu ya bei ya makala ya kupikia.

Hata hivyo nimejibishana na nafsi yangu kuhusu siku hizo mbili, na sijapata kutulia. Nikisema kwamba aliyetia saini hana budi kuitunza, nasikia sauti ya baba yako mdogo ikiniuliza: wafuasi wa Goma, Bukavu na Mbuji-Mayi waliulizwa lini? Watu saba ndani ya hoteli ya Uswisi waliamua kwa niaba ya mamilioni, kisha wakashangaa kwamba mamilioni wana maoni. Hapo ana haki, nami sipendi kumpa haki. Clinton aliweza kukubali kwa kuwa aliambiwa na wapiga kura wenyewe, jimbo baada ya jimbo, kwa miezi mitano, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amedanganywa gizani. Lakini tena, baba yako mdogo alikuwa ameshaikunja fulana! Alikuwa ameshakubali kabla mtu hajampa ruhusa ya kukataa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko siasa yenyewe.

Kwa hiyo ninachokuuliza mimi ni hiki: ukiwa kwenye ukumbi ule, utawatazama vipi wale wa pembe nyingine? Umeniandikia kwamba kundi lisilofikia asilimia 15 huvunjwa, na watu wake huruhusiwa kwenda kwa mgombea wao wa pili. Kanuni hiyo imenipendeza sana, kwa sababu jirani uliyemdharau saa moja usiku huenda ukamhitaji saa mbili, na huenda wewe ndiye utakayevuka ukumbi kwenda kuomba nafasi kwake.

Jina langu ninalo, na ni mojawapo ya matatu uliyoyataja. Sitalitaja, kwa kuwa kura ni yako na baridi ya Iowa itakupiga wewe. Unajua tu kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu nilimpenda anayeingia darasani na mpango wake umeandikwa; lakini usinisome zaidi ya hapo. Niandikie tarehe 4 asubuhi uniambie ulisimama wapi kwanza, na kama mlivunjwa, ulikwenda wapi na walikupokeaje.

Mama yako