Maswali yenu ya bima ya afya: mnaikumbuka mgonjwa akishalazwa

Maswali ni mengi safari hii na karibu nusu yake ni lile lile, kwa hiyo naanza nalo tulimalize.

Mume wangu kalazwa tangu juzi, wanasema afanyiwe upasuaji. Nikikata bima leo itamsaidia? (Mama Jay, Mbagala)

Hapana dada, haitamsaidia. Pole sana kwa kuuguza. Nenda leo leo ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, usisubiri bili ipande, waeleze hali yenu na uombe mlipe kidogo kidogo. Na nyie wengine mnaosoma, hili swali nimelijibu mpaka limenichosha: kadi inakatwa mtu akiwa mzima. Mgonjwa akishapanda kitandani umeshachelewa.

Mi naendesha boda, siumwi hovyo. Kwa nini nitoe hela yangu watibiwe watu wengine? (Kijana wa Nyakato, Mwanza)

Mdogo wangu, unaendesha boda halafu unaniambia huumwi. Ingia wodi ya mifupa hospitali yoyote kubwa uangalie waliolala pale, wengi vijana wa rika lako, mguu una vyuma, mama kakaa pembeni na bakuli la uji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaumwa asubuhi alivyowasha pikipiki kutoka kwake.

Halafu hilo la kutibu watu wengine mbona unalifanya kila siku. Angalia magrupu yako ya WhatsApp, "ndugu zangu tunaomba mchango wa mgonjwa wetu", unatuma elfu tano, wiki ijayo lingine. Hiyo ndo bima ya Watanzania wengi, na nasema wazi ni bima mbaya, maana inamlinda mwenye ukoo mkubwa na marafiki wenye hela, sasa yule aliyekuja mjini peke yake, hana kabila la kumchangia wala ofisi, nani atamfungulia grupu? Bima ni kama kibati, yaani upatu, ambacho zamu inamwangukia aliyepatwa. Asiyepatwa mwaka huu ashukuru Mungu, asidai hela yake.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, imekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita kwa mikoa mingi. Gawanya kwa siku 365, haifiki hata shilingi 85 kwa siku, familia nzima. Ila ujue mapema, CHF inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukipelekwa hospitali kubwa zaidi kama Bugando au Muhimbili kadi hiyo haikufikishi, kwa hiyo kama kipato kinaruhusu ulizia vifurushi vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na usome kifurushi kabla hujalipa.

CHF tunayo ila kila tukienda dawa hakuna. Tunalipia nini? (Mkulima, Igunga)

Mzee wangu shikamoo. Igunga ndiko CHF ilikoanzia kwa majaribio mwaka 1996, kwa hiyo nyie mmeivumilia kuliko mtu yeyote nchi hii, na una haki ya kukasirika.

Najua inavyokuwa. Umepanga foleni toka alfajiri, daktari kaandika dawa tatu, unafika dirishani binti anakupa panadol kwenye kikaratasi, zile mbili zilizobaki anazizungushia duara kwa peni ya bluu, "hizi utanunua nje". Duka la dawa lipo ng'ambo ya geti na dawa zote zipo. Sasa mtu wa namna hiyo mwakani ukimwambia alipe tena 30,000 anakuona tapeli, na mimi simlaumu. Viongozi wanapenda kusema wananchi hawana elimu ya bima. Elimu wanayo, wameipata pale dirishani! Mnaotaka watu wajiunge jazeni dawa kwanza, mikutano ya uhamasishaji baadae.

Cha kufanya: kituo chenu kina kamati na ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi, wanatoka kijijini kwenu. Waulizeni kwenye mkutano wa kijiji hela ya CHF imeingia kiasi gani na imenunua nini. Waulizeni mkiwa wengi, ukienda peke yako utazungushwa.

Naweza kumpa mdogo wangu kadi yangu ya NHIF atibiwe mara moja tu? (Jina nimelihifadhi, Dodoma)

Usithubutu. Ni udanganyifu, na ugonjwa wake unaandikwa kwenye faili lako, siku ukifika hujitambui wanakutibu kwa historia ya mtu mwingine.

Mama yangu ana miaka 67, kijijini, hospitali wanamdai. Si walisema wazee bure? (Dada wa Kilosa)

Sera inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea *wasio na uwezo*. Hayo maneno ya mwisho ndo yanayowaumiza wazee wetu, maana lazima uthibitishe umaskini wako. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji mama akiwa bado mzima, iwekwe pamoja na kadi yake ya kliniki, na mkifika hospitali muanzie ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano nao wamo kwenye msamaha, mtu asiwatishe.

Wanaruhusiwa kuzuia maiti kwa sababu ya deni? (Wengi mmeuliza)

Serikali imeshakataza zaidi ya mara moja, na Rais Samia kwenye kampeni za 2025 aliahidi kulimaliza. Mkizuiwa msibishane na mhudumu wa mochwari, hana mamlaka, nendeni kwa mganga mfawidhi au mkuu wa wilaya.

Hii bima ya afya kwa wote ya serikali si njia nyingine ya kutukamua? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Hofu yako ina msingi. Muswada wa kwanza wa 2022 ulitaka kufunga bima na vitu kama leseni ya udereva, watu wakapiga kelele na ukarudishwa. Sheria ikapita Novemba 2023, na humo kuna kitu kizuri ambacho hamkisemi: imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, ushuru wa soda, pombe na vipodozi, michezo ya kubahatisha, miamala ya kielektroniki. Mimi naiunga mkono. Ninachotaka ni hizo hela zionekane zinaingia kwenye mfuko, tutangaziwe kila mwaka.

Na tusisahau Machi 2024, NHIF ilipoleta kitita kipya cha bei inazozilipa hospitali kuchukua nafasi ya kile cha 2016, hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi, watu wenye bima wakaambiwa watoe keshi. Bei inayomuua mtoa huduma inamrudia mgonjwa. Atakayepanga bei za bima mpya akae mezani na hospitali kabla, sio baada.

Mimi mtumishi, nina mke, watoto wanne na wazazi wawili. Wote wanaingia? (Mwalimu, Songea)

Hawaingii. NHIF ya mtumishi ni wewe, mwenza na wategemezi wanne, basi. Mi ningewaingiza wazazi na watoto wawili, wazee ndo wanaougua sana. Watoto wawili waliobaki watafutie kadi yao mwezi huu, wakiwa wazima.