Kumsimamia Anayejifunza Kuandika Dawa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uzoefu wako unatosha kumsimamia yule mfamasia mwenzako anayesomea idhini ya kuwaandikia wagonjwa dawa huko Uingereza. Umenieleza kwamba masomo yake hayapungui siku 26, pamoja na saa 90 za mazoezi chini ya msimamizi, na kwamba tangu 2019 msimamizi huyo si lazima awe daktari. Hata muuguzi mwenye idhini, kama wewe, anaweza kuishika kazi hiyo. Uzoefu unao, na hilo halininyimi usingizi. Linalonishughulisha ni namna utakavyomsahihisha mbele ya mgonjwa.

Ile zahanati ya Eastlands, hapa Nairobi, nilikokuwa muuguzi, unaikumbuka, maana ulikuwa ukinisubiri kwenye benchi la nje ukitoka shule. Kisa hiki, hata hivyo, sijawahi kukusimulia chote. Asubuhi moja, katika miaka ya 1980, tabibu alichelewa na foleni ikafika langoni. Mama mmoja alimleta mtoto wa miezi saba aliyekuwa akikohoa na kupumua kwa kasi. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima, nikamning'iniza kwenye mizani, nikasoma kilo saba na nusu, kisha nikaandika katika kitabu chake kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kwa siku tano. Tabibu alipofika alikichukua kile kitabu, akapiga mstari mwekundu juu ya maandishi yangu bila kuniuliza neno, akaandika chini yake: kotrimoksazoli, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kwa siku tano. Yule mama aliitazama mistari yote miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, sasa nimpe ipi?"

Nimelisema mara nyingi nawe umeshachoka kulisikia: anayejifunza kuandika dawa aulizwe "kwa nini" kabla ya kuambiwa "siyo".

Pengine namwonea yule tabibu. Mamlaka ya kuandika yalikuwa yake, na mtoto angezidiwa, yeye ndiye angeitwa kujieleza. Alikuwa na haki ya kukagua. Lakini kukagua kungeanza kwa kuniuliza nilihesabu pumzi ngapi, na hakuniuliza siku ile wala siku nyingine. Kwa miezi mingi baadaye nilikuwa nikimsubiri hata kwa mambo niliyoyajua vyema, na wagonjwa wakazidi kukaa.

Mfamasia wako huenda anazijua dawa kukushinda. Atakachohitaji kwako ni mwili wa mgonjwa: kusikiliza kifua, kugusa tumbo, kutambua anayehitaji kupelekwa kwa daktari mara moja. Baada ya kila mgonjwa kaeni kando, akueleze alivyofikia uamuzi wake, nawe umsikilize mpaka mwisho. Basi muulize mkuu wako kama saa hizo 90 zitaingizwa katika ratiba yako ya zamu, kwa sababu ukizitoa katika dakika zako za chai, utaanza kumkatiza.

Ukubali au ukatae, uamuzi ni wako, wala sitakusukuma, ingawa neno "kubali" nimelifuta mara mbili katika ukurasa huu. Nijulishe atakachosema mkuu wako.

Mama yako,
Nairobi